Charo Kazungu na Mashine Iliyouliza Baba ni Nani

Wiki chache kabla sijakabidhi funguo za chumba cha faili, ile programu yenu ya kutafuta faili zilizojirudia ilianguka. Mnakumbuka. Kompyuta ya Linux, skrini nyeusi, maandishi meupe, na ninyi watatu mmesimama mbele yake mikono viunoni kama watu wanaotazama gari lililokwama matopeni. Mmoja akasema ifutwe iwekwe upya. Mwingine akasema ni ukubwa wa kumbukumbu. Mimi nikauliza, "Inafia kwa nani?" Mkacheka, kwa adabu lakini mkacheka. Mlidhani mzee amechoka na anachanganya kompyuta na wodi.

Mliirekebisha wenyewe kabla ya chai ya saa nne, na hilo lilinifurahisha. Lakini swali langu lilibaki bila maelezo, na mtu aliyestaafu ana muda mwingi wa kueleza kuliko wasikilizaji. Kwa hiyo naandika. Vyeo sitavitaja, vilikuja vikiwa vimechelewa. Mishahara mnaijua.

Nilifika Malindi mwanzoni mwa miaka ya themanini nikitoka Kitui, na kilichonipatia kazi ni mwandiko mzuri. Hospitali ilikuwa ya misheni, nje kidogo ya mji kwenye njia ya kwenda Jilore. Siku ya kwanza nilipelekwa kwenye chumba kirefu chenye rafu mpaka darini, ngazi ya mbao, dirisha moja la kupokelea wagonjwa, na harufu ya naftalini iliyonifuata mpaka kitandani. Humo ndimo alimokuwa Mama Dama.

Mama Dama alikuwa Mgiriama, mzaliwa wa Jilore, mama wa makamo aliyefanya kazi ya faili tangu hospitali ikiwa nyumba mbili za makuti. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Mtu wa bara?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Unajua kusoma?"

"Najua."

"Basi tatizo letu ni moja tu," akasema. "Watu wote hapa wewe utawajua kwa kusoma. Mimi nawajua kwa kuwaona. Tutasaidiana."

Zana zetu zilikuwa chache. Majalada ya karatasi ngumu ya rangi ya kahawia, rejista kubwa mbili, rula, muhuri, na chupa ya wino mwekundu ambayo Mama Dama aliifungia kwenye droo kana kwamba ni ya sumu. Wino ule ulikuwa wa kazi moja. Mgonjwa ambaye dawa fulani ilikuwa nusura imuue, alichorewa mstari mwekundu mnene juu ya jalada, na chini ya mstari likaandikwa jina la dawa. Muuguzi hana nafasi ya kusoma karatasi kumi za ndani huku foleni imefika getini. Anatazama jalada. Akiona nyekundu, anasimama.

Nilikuwa sijamaliza wiki ya pili alipokuja dirishani kijana mmoja mkulima, mguu umefungwa kitambaa, amejikata na jembe. Jina? Charo Kazungu. Anakotoka? Jilore. Nikafungua rejista nikakuta akina Charo Kazungu wa Jilore zaidi ya kumi, na akina Kazungu Charo wengine kama hao. Nikapekua, nikatokwa jasho, foleni ikaanza kukohoa makusudi. Nikafanya alichofanya kila karani tangu dunia iumbwe: nikafungua faili mpya. Jalada safi, namba mpya, mwandiko mzuri.

Mama Dama alikuwa anatoka kunywa maji alipomwona yule kijana kwenye benchi la chumba cha sindano, shati limeshushwa bega moja. Hakunipigia kelele. Alirudi, akapanda ngazi, akashuka na faili nyingine, akaipeleka mwenyewe kwa muuguzi. Jalada lake lilikuwa na mstari mwekundu na neno penisilini. Mwaka uliotangulia sindano moja tu ilikuwa imemvimbisha uso na kumkata pumzi, akakaa siku tatu kati ya huku na kule.

Aliporudi alikaa mahali pake akaendelea kupanga kadi. Baadaye sana akasema, "Faili mpya ni rahisi kufungua, Mutua. Hata kaburi ni rahisi kufungua."

Mimi nilitoka nikamfuata Charo mpaka nje. Nikamwambia, "Ndugu yangu, imeandikwa. Faili yako ya kweli imepatikana na imeandikwa. Usiwe na wasiwasi tena." Akanishukuru, mimi niliyekuwa karibu nimuue.

Kuanzia hapo niliziogopa faili zilizojirudia kuliko wengine wanavyoogopa nyoka. Mtu mmoja mwenye faili mbili ni mtu ambaye nusu yake haijulikani. Kwa miaka mitatu minne tulizitafuta kwa macho, mimi na Mama Dama, tukikuta mbili tatu kwa wiki, huku makarani wa zamu wakifungua tano.

Katikati ya miaka hiyo ya themanini wafadhili walituletea kompyuta. Ilikuwa na mlango wa kutia diski mbili laini, herufi za kijani, na printa iliyolia kama cherehani yenye hasira. Ilikuja na fundi wake kutoka Mombasa, Bwana Ochieng, mtu mpole aliyevaa tai kwenye joto la Machi. Alikaa nasi siku nne. Alinifundisha kuiwasha, kuingiza kadi, na kusoma lugha ya BASIC, ambayo kila mstari wake una namba na kila mstari unaeleza jambo moja tu. Niliipenda siku ile ile. Nilikuwa sijakutana na kitu kinachotii kiasi kile.

Bwana Ochieng akaniuliza, "Watu wawili wenye jina moja na kijiji kimoja, ninyi mnawatofautishaje?"

Nikamjibu, tena kwa kujiamini, "Tunauliza baba yake ni nani."

Naomba mlikumbuke jibu hilo, maana lilikuwa langu. Yeye aliandika tu nilichosema. Programu ingechukua kadi mbili zenye jina moja. Ingeuliza, je, baba zao ni mtu mmoja? Ili kujua kama baba hao ni mtu mmoja, ingetafuta kadi zao, iulize baba zao nao ni nani. Ingeendelea kupanda hivyo hivyo mpaka ifike kwa mtu asiye na kadi kwetu, ndipo ishuke na jibu. Umri tusingeutegemea, kwa sababu kadi za wazee wetu wengi ziliandikwa "mtu mzima" na basi.

Mama Dama alinisomea kadi, mimi nikachapa. Miezi minane. Kila eneo lilikuwa na diski yake: mjini, Watamu, Gede, Jilore. Kibodi hakuigusa hata mara moja. Alisema vidole vyake vina kazi nyingine.

Siku ya kujaribu, diski ya mjini ilipita vizuri. Watamu ikapita haraka hata nikashuku, kisha nikaelewa: wengi walikuwa wafanyakazi wa hoteli kutoka bara kama mimi, baba zao wako Kitui na Kisumu, hawana kadi kwetu, mashine haina wa kumpandia. Nikatia Jilore. Ikasaga, ikasaga, halafu skrini ikatoa ujumbe kwamba nafasi ya kumbukumbu imekwisha, na kila kitu kikasimama. Nikaizima na kuiwasha, ikafia palepale.

Nilianza na watuhumiwa wa kawaida. Stima ya Malindi ilikuwa ikipungua nguvu mchana hoteli zikiwasha mashine zao za baridi, kwa hiyo nikajaribu asubuhi mapema. Ikafa. Nikafungua kifuniko nikakuta sisimizi wamehamia, nikawaondoa kwa brashi ya kunyolea. Ikafa bila sisimizi. Hewa ya chumvi hula vyuma, nikasugua miguu ya zile kadi za umeme za ndani ya mashine kwa raba ya penseli mpaka ikang'aa, na huu ni ujuzi ambao bado nitautetea. Ikafa ikiwa inang'aa.

Ndipo nikafanya jambo ambalo ningependa mlifanye siku zote kabla ya kufuta chochote. Niligawa diski ya Jilore katikati. Faili zenye namba za zamani upande mmoja, namba mpya upande mwingine. Ugonjwa lazima uwe kwenye nusu moja, nikajiambia, na hiyo nusu nitaigawa tena, na tena, mpaka nimshike mhusika shati.

Nusu ya kwanza ikapita. Vizuri, nikasema, basi ni ya pili. Nusu ya pili nayo ikapita. Nikaziunganisha, ikafa.

Nilikaa nikaitazama ile mashine kwa muda mrefu. Sikuwa na hasira. Nilikuwa na ule mwasho ambao mtu akiupata mara moja kazini hapendi tena kazi isiyouleta. Labda ni wingi wa kadi? Nikachukua nusu ya Jilore nikaiunga na Watamu yote, ikawa orodha ndefu kuliko Jilore nzima. Ikapita. Kwa hiyo si wingi. Namba za zamani peke yake ni nzima, namba mpya peke yake ni nzima, zikikutana zinaua. Kitu gani hicho, ambacho ni salama kila kimoja mahali pake?

Nikaongeza mstari mmoja tu kwenye programu: kabla hujauliza habari za mtu yeyote, mtaje jina kwenye printa. Nikawasha. Printa ikaanza. Charo Kazungu. Kazungu Charo. Charo Kazungu. Kazungu Charo. Karatasi ikashuka mezani, ikafika sakafuni, ikaanza kujikunja miguuni pangu, na majina ni yale yale mawili mpaka mashine ilipokata roho.

Nikaikusanya nikampelekea Mama Dama. Aliisoma kwa kidole, kama mtu anayesoma barua ya nyumbani.

"Hiyo mashine yako," akasema, "ikimpata mtu inamuuliza nini?"

"Inauliza baba yake ni nani."

"Halafu?"

"Halafu baba wa baba yake."

Akaweka karatasi chini akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa leso. "Ewe mtu wa bara. Mbona hukuniambia miezi yote minane? Sisi Wagiriama mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu yake, baba wa baba. Charo amemzaa Kazungu. Kazungu akizaa anamwita Charo. Huyo Charo akizaa anamwita Kazungu. Na kila mtu anafuatiwa na jina la baba yake. Sasa ukimshika Charo Kazungu ukamuuliza baba, atakwambia Kazungu Charo. Muulize Kazungu Charo baba yake. Utarudi ulipotoka. Hiyo mashine itauliza mpaka kiama."

Kumbe ndivyo. Babu yuko kwenye namba za zamani, mjukuu kwenye namba mpya. Mashine ikitafuta baba wa Kazungu, inamkuta Charo wa kwanza mbele yake, ambaye ndiye iliyeanza naye. Ukiwatenga babu na mjukuu, mnyororo unakatika, mashine inashuka na jibu. Wenzangu, ile folda yenu ya juzi, iliyokuwa na njia ya mkato inayorudi humo humo ndani, ni Charo Kazungu mtupu. Nilipoisikia mkiieleza nilikaribia kuipigia shikamoo.

Kama ningeishia hapo ningekuwa na hadithi nzuri ya kusimulia kwenye chai. Lakini Sista msimamizi alikuwa ameamua chumba cha faili kikatwe nusu ili wapate wodi ya kina mama, na mafundi wa ujenzi walikuwa wanakuja. Alitaka orodha. Faili mbili za mtu mmoja ziunganishwe, karatasi zote zihamie kwenye jalada lenye namba ya zamani, na jalada la pili lichomwe. Wiki hiyo hiyo Mama Dama akafiwa na shemeji yake, akaenda Kaloleni kwenye matanga.

Nikampigia Bwana Ochieng simu kutoka ofisi ya Sista. Nikamweleza mzunguko. Akasema ni rahisi. "Weka hivi: ikirudi kwa jina ilikoanzia, isipande tena. Ihesabu kwamba ni mtu mmoja, iendelee."

Mistari miwili. Nikaichapa, nikawasha, nikasubiri na pumzi nimeishika. Diski ya Jilore ikapita mpaka mwisho. Printa ikatoa orodha safi, jozi baada ya jozi. Nilijiona bingwa. Nilimpelekea Sista orodha ile kama mtu anayepeleka mahari. Sikumngojea Mama Dama, na sababu, niseme tu ukweli, ni kwamba nilitaka akirudi akute kazi imekwisha na sifa ni zangu.

Jumatatu nilihamisha karatasi na kuchoma majalada nyuma ya jiko la hospitali, ndani ya pipa. Nilichoma kama arobaini. Nilikuwa natazama namba tu.

Mama Dama alirudi Jumatano saa tatu asubuhi, bado amejifunga leso ya matanga. Nikampa pole, kisha nikampa orodha kwa majivuno. Akaisoma kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Charo Kazungu na Charo Kazungu," akasema. "Umewaunganisha hawa?"

"Mashine imesema ni mmoja."

"Huyu mwenye namba ya zamani ni mzee. Ni babu. Huyu wa pili ni mjukuu, yule wa mguu." Akaniangalia. "Jalada la mjukuu liko wapi, Mutua?"

Lilikuwa jivu ndani ya pipa, nyuma ya jiko. Mstari mwekundu ulikuwa juu ya jalada hilo. Haukuwa mahali pengine popote. Kwenye kompyuta hatukuutengea nafasi, kwa sababu Bwana Ochieng hakuuliza na mimi sikumwambia. Sasa faili ya Charo ilikuwa ndani ya jalada la babu yake, jalada safi.

Nikakimbilia kwenye rafu ili nilichore upya. Faili haikuwepo. Jumatano ndiyo siku ambayo gari la kliniki lilikwenda Jilore, na lilikwenda na sanduku la faili zote za huko. Lilikuwa limeondoka saa mbili, likiwa na muuguzi, sindano, na jalada lile.

Jilore hakukuwa na simu. Gari jingine la hospitali lilikuwa juu ya mawe, halina gurudumu. Nilichukua baiskeli ya mlinzi bila kumwomba, na Mama Dama akanifuata mpaka getini akiniambia neno moja tu: "Usipumzike."

Sikupumzika. Njia ile ni udongo mwekundu na mchanga kwa zamu, na penye mchanga nilishuka nikakimbia nikiikokota baiskeli. Nilikuwa napiga hesabu. Kliniki huanza kwa sala, halafu watoto hupimwa uzito, halafu wajawazito, wanaume huja mwisho. Nilikuwa nimeshazoea kuulaumu utaratibu ule kwa kupoteza muda. Njia nzima nilikuwa naomba kuwe na watoto wengi. Na nilijiambia pia kwamba huenda Charo ni mzima, yuko shambani, hana haja na kliniki. Lakini sikuamini.

Kliniki ilikuwa ndani ya ukumbi wa kanisa. Niliingia shati limenigandama, na wa kwanza kumwona alikuwa Charo. Amekaa kwenye benchi la sindano, suruali imekunjwa, ana jipu gotini kubwa kama ngumi. Pembeni yake amekaa mzee mwembamba mwenye fimbo. Mbele yao amesimama muuguzi, dada Rehema, mzaliwa wa mji wa kale Malindi, mtu asiyependa kuharakishwa. Kwenye sahani, chini ya kitambaa, sindano ilikuwa imekwisha kuvutwa dawa.

"Rehema, umemdunga?"

"Sijamdunga mtu," akasema. "Njoo unisaidie, bwana wa faili. Nimeita Charo Kazungu, wameinuka wawili. Mzee asema ni yeye, kijana asema ni yeye, na wote wasema kweli. Mimi faili ninayo moja. Sijui ni ya nani, na madhali sijui, sindano yangu itakaa hapa hapa sahanini."

Nilikaa chini. Si kwenye kiti, sakafuni. Mashine ilipofika pale ilizunguka mpaka ikafa. Mimi nilipofika pale nilisema ni mmoja. Rehema alipofika pale alisema hajui, akangoja.

Nikamwambia asimdunge Charo penisilini kwa hali yoyote, nikamweleza sababu. Rehema akaichukua ile sahani akaisogeza mbali, taratibu, kana kwamba inaweza kumwagika. Kisha akamgeukia Charo.

"Na wewe kakangu, mbona hukuniambia?"

Charo akamtazama kwa mshangao. "Nikwambie nini, dada? Mimi nilijua imeandikwa. Bwana huyu aliniambia mwenyewe, imeandikwa, nisiwe na wasiwasi."

Nimefanya kazi miaka mingi na nimesikia maneno makali kutoka kwa madaktari na masista. Hakuna lililoniingia kama hilo. Nikamwambia, "Ilikuwa imeandikwa. Nimeichoma mimi, juzi, kwa mkono wangu. Mashine ilisema wewe na babu yako ni mtu mmoja, nikaiamini."

Mzee ndiye aliyesema kwanza, na alisema akitabasamu. "Mimi na somo yangu, huyu wa jina langu, ni mtu mmoja? Hilo si uongo sana. Basi yeye alime, mimi nile." Watu wakacheka, na mimi nikaona machozi yananitoka, nikajifanya nafuta jasho.

Charo hakucheka. Alinitazama, mguu wake ule umenyooshwa mbele.

"Karatasi inaungua," akasema. "Wewe je, sasa wanijua?"

"Nakujua."

"Uso huu?"

"Uso huo."

"Basi kaa pale dirishani."

Yaliyofuata yalikuwa kazi tu. Mimi na Mama Dama tuliifuata orodha ya majalada arobaini, jina kwa jina, kliniki kwa kliniki, tukawatenganisha mababu na wajukuu. Mistari mingine miwili myekundu ilikuwa imeungua. Mama Dama aliikumbuka kwa sura za wenyewe. Katika programu nilifuta ile mistari ya Bwana Ochieng. Badala yake nikaipa mashine daftari dogo la kuandika kila iliyekwisha kumuuliza, na ikimkuta mtu yule yule mara ya pili, isimame, itoe majina yote mawili kwenye karatasi ya pembeni, na iandike SIJUI. Bwana Ochieng alisikitika kwenye simu. Alisema mashine ya bei ile haifai kuonekana ikisema haijui, Sista atafikiri ameuziwa nini. Nikamwambia itasema. Sista alipoiona ile karatasi ya pembeni hakulalamika. Aliuliza tu nani ataisoma, nikamwonyesha Mama Dama.

Mama Dama alistaafu miaka michache baadaye. Siku ya mwisho alinipa ufunguo wa droo ya wino, akaniambia Kiswahili changu bado kina vumbi la Kitui. Kompyuta zilibadilika, nikabadilika nazo. Mara mbili nilitakiwa Mombasa, mara moja Nairobi, na wenzangu walishangaa kwa nini nakataa. Nilitoa visingizio vya joto na vya mke. Ukweli ni kwamba kila baada ya miezi kadhaa Charo Kazungu alifika pale dirishani, na hakuitazama skrini wala faili. Alinitafuta mimi kwa macho, akinipata anakaa kwenye foleni ametulia.

Alikuja tena Ijumaa yangu ya mwisho. Ni mzee sasa, anatembea pole pole. Hakuwa mgonjwa, alikuwa amesikia tu. Tulishikana mikono kupitia dirisha, akachungulia nyuma yangu akawaona ninyi watatu mmeinamia simu zenu.

"Hao ndio wanaobaki?" akaniuliza.

"Ndio hao."

"Wananijua?"

Nilitaka kumwambia kwamba habari yake imo ndani ya kompyuta, kwamba ina nakala mbili, kwamba jalada lina mstari. Nikakumbuka nilishawahi kumwambia maneno ya namna hiyo. Nikasema, "Bado."

Ni mrefu, mwembamba, sikio la kushoto lina kovu, goti la kulia haliinami sawasawa. Husema jina lake mara moja tu na kwa sauti ya chini, na hataeleza lolote msipomuuliza. Charo Kazungu wa Jilore. Asidungwe penisilini. Akifika dirishani inueni vichwa mumtazame usoni, maana atakuwa anatafuta mtu anayemjua.